Mama Nimeona na Mistari Sitini na Mmoja

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mliowahi kufanya kazi na marehemu, poleni, na asanteni kwa kuacha shughuli zenu. Anayesoma ni mtoto wa kaka yake, yule mwenye mdomo, mnamjua. Kawaida ya wasifu ni kumsifu marehemu na kumwacha alale. Huu utamsifu, maana anastahili. Ila humu ndani kuna jambo ambalo mtaa huu umeliamini vibaya kwa miaka sita, na si haki marehemu aingie nalo kaburini. Baba mzazi wa msomaji alitaka liondolewe. Halikuondolewa. Mtatuvumilia.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 14 Juni 1959, katika nyumba ya vyumba viwili iliyo nyuma ya tangi la maji, akiwa mtoto wa pili kati ya watano na msichana wa kwanza. Baba yake alikuwa seremala. Mama yake alifua na kupiga pasi mashuka ya wodi. Bibi alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea mpaka majirani wakaanza kumpa pole, lakini siku alipoanza, hakukaa tena chini. Ukimtafuta ndani, yuko uani. Ukimfuata uani, ameshafika kwa watu, anauliza kwa nini kuku wenu anachechemea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Darasa la tano alifanywa kiranja, akapewa kazi ya kuandika majina ya wanaopiga kelele mwalimu akitoka. Mwalimu aliporudi alikuta majina saba, na la tatu lilikuwa la kiranja mwenyewe. Akamuuliza, "Wewe umejiandikaje?" Akajibu, "Nilipiga kelele, Mwalimu, nikiwaambia wanyamaze." Alichapwa pamoja na wenzake sita. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1977, akaenda chuo cha uchapaji na utunzaji wa kumbukumbu, na mwaka 1979 akatunukiwa cheti. Alikimaliza chuo. Msomaji anasisitiza neno hilo kwa sababu yeye mwenyewe ana stashahada ya utawala iliyofika mwaka wa pili ikachoka.

Baada ya kuchapa barua za wakili mmoja kwa muda, aliajiriwa na manispaa Jumatatu tarehe 3 Agosti 1981, akiwa karani msaidizi wa masijala. Mwaka 1986 akahamishiwa kaunta ya wananchi, ghorofa ya chini, mlango wa kushoto ukishapita choo cha wageni. Mliowahi kufika mnalikumbuka lile benchi lenye mguu uliofungwa waya, na lile feni lililokuwa likizunguka kana kwamba linafikiria kuacha kazi. Zamani palikuwa na kioo chenye tundu la kuzungumzia, na tundu lenyewe lilikuwa chini mno, kila mwenye shida lazima ainame. Wiki yake ya kwanza marehemu aliomba kioo kitolewe. Akaambiwa aandike barua. Akaiandika, akaigonga mwenyewe mhuri wa kupokelewa, akaipandisha juu mwenyewe, kisha akaifuatilia kila Jumatatu kwa miezi minne. Kioo kikatoka.

Hapo kaunta palipita mambo yote ya mji mdogo: taa ya barabarani iliyozima, kibali cha kufunga njia kwa ajili ya harusi, jalala lililofurika mpaka kwa watu, mfereji unaotapika, jirani aliyejenga ukuta ukameza nusu ya uchochoro. Yote aliyaingiza kwenye daftari la kero, lenye safu tatu alizozichora kwa rula. Safu ya kwanza aliandika *Nimepokea*, na tarehe. Ya pili, *Nimeona*, na tarehe; hiyo hakuijaza mpaka aende kwa miguu yake, jioni akitoka kazini, akalione tatizo lenyewe. Safu ya tatu ilikuwa *Imekwisha*, na hiyo yeye hakuiandika hata mara moja. Aliyeiandika ni mwenye kero, kwa mkono wake au kwa dole gumba, siku aliyokubali mwenyewe kwamba shida imeisha. Kila Jumatatu kikosi cha matengenezo kilipewa orodha ya mistari ambayo safu ya tatu ilikuwa bado tupu. Huo utupu ndio uliowatoa mafundi ofisini.

Kwa hiyo mkamwita Mama Nimeona. Wenzake walimtania, "Manispaa ina magari sita, wewe unatembea!" Akawajibu, "Gari haliangalii shimo, linaliruka." Mtu mmoja alileta kero kwamba mbwa wa jirani anabweka mfululizo. Marehemu akaenda, akaomba kiti, akakaa uani kwa yule bwana kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja. Mbwa kimya. Alipoaga tu, mbwa akaanza. Akarudi, akaketi tena. Kesho yake kwenye daftari palisomeka: *Nimeona. Yaani nimesikia.*

Ndoa yake nayo ilipita kaunta. Mwaka 1987 alifika fundi bomba mmoja kulalamika kwamba taa iliyo mbele ya nyumba yake haiwaki. Marehemu akaenda kuiona, ikatengenezwa, fundi akaja kusaini. Wiki iliyofuata amerudi: koki ya mtaa inavuja. Yeye, fundi bomba! Marehemu akamtazama, akaandika, akaenda. Mara ya tatu alileta kero ya mti unaotishia kuangukia watu. Marehemu akafika akakuta mche unaomfikia magotini. "Huu ndio mti?" "Utakua," akasema fundi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Oktoba 1988, wakajaliwa watoto watatu. Mche ulikua kweli, ila haujamwangukia mtu mpaka leo.

Sasa tufike mwaka 2018, ambao baba wa msomaji alitaka uandikwe kwa maneno manne: "aliendelea na kazi vizuri."

Januari ya mwaka huo mtoto wa kaka yake alirudi nyumbani bila stashahada. Marehemu alizungushwa ofisi mbili kumwombea kibarua, mpaka akapata: mkataba wa miezi sita, kwenye kaunta ile ile, meza ya pembeni. Akamfundisha zile safu tatu. Kijana alicheka sana. "Shangazi, dunia ina kompyuta, wewe unangoja watu warudi kuweka dole?" Marehemu akasema, "Kompyuta niletee, nitaipenda. Lakini hao watu bado nitawangoja."

Aprili mume wake alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Akaomba likizo, kuanzia tarehe 9 hadi 13. Alimwachia kijana funguo za kabati na maneno machache: "Pokea, andika, usiguse safu zangu. Nikirudi nitatembea."

Siku ya Alhamisi, tarehe 12, mkuu wa idara alishuka kaunta. "Kesho wakaguzi wanakuja. Hizi nafasi tupu zinatutia aibu. Wewe si ndiyo unataka ajira ya kudumu? Nionyeshe una akili." Hakusema zaidi ya hapo. Hakuwa na haja.

Mistari iliyokuwa na safu ya tatu tupu ilikuwa sitini na mmoja. Kijana aliijaza yote kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na robo. Alitumia kalamu tatu, mbili za bluu na moja nyeusi, ili ionekane ni mikono mingi. Mingine aliandika kwa mkono wa kushoto. Penye watu wasiojua kusoma aliweka dole gumba: lake, mara kumi na tisa, akiligeuza kidogo kila mara. Alijiona fundi. Wakaguzi walipita Ijumaa, wakaandika kwamba kaunta ya wananchi ni ya mfano. Mkuu wa idara akampiga begani.

Kijana huyo ndiye anayesoma.

Marehemu alirudi Jumatatu tarehe 16. Alifungua daftari, akakaa muda mrefu bila kugeuza ukurasa. Kisha akauliza, "Hawa watu walikuja wote Alhamisi?"

"Walikuja, Shangazi. Foleni ilifika mpaka barabarani."

"Foleni," akasema.

"Mpaka barabarani."

"Haya."

Alipanda juu kwa mkuu wa idara, akashuka baada ya dakika tano. Hakusema kilichosemwa huko. Lakini kuanzia jioni ile alichukua karatasi nyingine, akainakili ile mistari sitini na mmoja, akaanza kuitembelea upya, mmoja mmoja, akiirudisha kwenye orodha ya mafundi kila alipohakikisha kwamba bado. Alikuwa na miaka hamsini na minane na goti bovu. Mpaka tarehe 2 Mei alikuwa amefika mstari wa ishirini na tatu.

Mstari wa arobaini ulikuwa wa fundi cherehani wa pale kona. Alileta kero tarehe 20 Machi: mfuniko wa mtaro mbele ya kibanda chake umevunjika. Marehemu aliandika *Nimeona* tarehe 22. Mfuniko mpya ulishamwagwa zege, ulikuwa umekauka uwanjani kwa manispaa, na ulipangiwa kupelekwa Jumatatu ile ile ya tarehe 16. Mafundi walipotazama daftari wakaona pameandikwa *Imekwisha*, wakaenda kwingine. Jumatano tarehe 2 Mei, saa tatu asubuhi, baada ya mvua, maji yakiwa yamefunika njia yote, fundi cherehani alitoka kibandani na nguo ya mteja mkononi, akatumbukia. Nyonga ilivunjika. Hajakanyaga cherehani tangu siku hiyo.

Wengi wenu mlikuwepo kwenye mkutano wa Jumamosi tarehe 19 Mei, ukumbi wa jamii. Kwa hiyo msomaji hatawasimulia joto lililokuwemo. Atawakumbusha tu. Daftari liliwekwa mezani, watu wakapita kutazama majina yao. Mwenye duka la vipuri alipaza sauti, "Mama, sisi tulikuamini wewe, siyo manispaa! Umetusainia kama tumekufa!" Kisha akaja yule mzee wa kiwanda cha mbao, akaona alama ya dole mbele ya jina lake, akainua mkono wa kulia juu watu wote wauone. "Dole hili liliondoka na msumeno mwaka tisini na nne! Nani ameliokota?"

Ukumbi ukacheka, kicheko kile cha hasira. Na kutoka mstari wa tatu wa viti sauti moja ikaongeza, "Labda lilirudi kusaini!" Watu wakacheka zaidi, mpaka wengine wakafuta machozi. Wapo waliomgeukia msemaji wakampa tano.

Ile sauti mnaijua. Inawasomea sasa.

Marehemu alimtazama mara moja, kisha akasimama. Alisema hivi, na kumbukumbu za mkutano zipo: "Daftari ni langu. Kabati ni langu. Funguo zilikuwa zangu. Naomba mnisamehe." Akaketi. Diwani akamuuliza kama kuna mtu mwingine anayehusika. Akasema, "Nimeshamaliza, mheshimiwa."

Tarehe 1 Juni aliondolewa kaunta, akapelekwa ghala la samani chakavu, nyuma ya karakana, kuhesabu viti vilivyovunjika. Alikaa huko mwaka mmoja na siku kumi na nne, mpaka alipotimiza miaka sitini. Tarehe 14 Juni 2019 alikabidhi funguo kwa mlinzi, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumkabidhi, akatembea mpaka nyumbani. Baada ya miaka karibu thelathini na minane hakuna aliyemwandalia hata soda. Na mtaani mlijua kumwadhibu, jamani. Kibaraza kilichokuwa hakikauki watu kikabaki na kiti kimoja. Mlipita mkitazama simu. Msomaji hawalaumu, mngejuaje? Yeye aliyejua alipewa ajira ya kudumu Julai 2018, akakaa kwenye kiti cha marehemu pale kaunta miezi mitano, akaacha. Watu walipomuuliza sababu alitoa utani. Ana utani wa kila kitu, na huo ndio ugonjwa wake.

Februari mwaka huu marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi. Vipimo vya tarehe 19 vilionyesha moyo umepanuka. Alilazwa mara tatu katika hospitali kuu, wodi ya wanawake namba mbili. Alivumilia dawa, sindano na chakula kisicho na chumvi, ila hakuvumilia bomba la maji lililokuwa likidondosha pale wodini, na mara mbili alimtuma nesi kwa mkuu wa matengenezo. Fundi alipokuja, mgonjwa aliomba asogezewe kitanda aone.

Jumapili tarehe 8 Septemba, saa ya kutazama wagonjwa, mtoto wa kaka yake alibaki naye peke yao. Alikuwa amejiandaa maneno tangu getini. Yakamtoka matano tu: "Shangazi, lile daftari nilijaza mimi."

"Najua, baba," akasema. Alimwita hivyo tangu utotoni, kwa heshima ya babu yake. "Nilijua Jumatatu ile. Hata foleni yetu ya harusi haijawahi kufika barabarani."

"Mbona hukunisema?"

Alivuta pumzi kwanza. Zilikuwa zinamjia kwa zamu. "Funguo nilikuachia mimi. Halafu ningekusema, ungefukuzwa, ukawa mtu aliyesemwa. Nilitaka uwe mtu aliyesema." Akaongeza, "Umechelewa, lakini. Kuna siku nilikuwa natoka dukani, fundi cherehani akageuza kiti chake akanipa mgongo. Siku hiyo nilikuchukia. Nisikudanganye."

Kijana akalia. Marehemu akamwacha alie, hakumbembeleza. Aliporidhika akasema, "Nipe maji."

Alifariki dunia Jumanne tarehe 10 Septemba 2024, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, mume wake na binti yake mkubwa wakiwa kando ya kitanda. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Jumatano familia ilikaa kupanga mazishi, na msomaji akawaeleza haya yote. Baba yake alimwambia, "Msibani hapasemwi mambo haya. Utatuvua nguo mbele ya watu." Msomaji akasema, "Baba, aliyevuliwa ni yeye, miaka sita sasa. Sisi tulikuwa tumevaa nguo zake." Baba akatoka nje. Mume wa marehemu alikuwa kwenye kochi na miwani yake myeusi. Baadaye akasema, "Mke wangu alikuwa akirudi na soli zimeisha mwezi ule, nikadhani ni viatu vibaya. Soma. Usiruke kitu."

Mchana wa siku hiyo msomaji alikwenda kwa fundi cherehani. Alimkuta akishona vifungo kwa mkono. Akamweleza, amepiga magoti, mwanzo hadi mwisho. Fundi hakuacha kushona. Alipomaliza kifungo akakata uzi kwa meno, akasema, "Nimekusikia. Mimi yule mama nilimpa mgongo kwa ajili yako?" Msomaji akaitikia. "Basi toka hapa." Hakusema kwamba amesamehe, na msomaji haombi mtu yeyote amsemee.

Alhamisi alipeleka barua manispaa, kurasa mbili, yenye jina lake na sahihi yake ya kweli, akiomba kumbukumbu za mkutano wa tarehe 19 Mei 2018 zisahihishwe, na akieleza nani alimwambia nini na nani alifanya nini. Nakala ziko kwa mtunza kitabu cha rambirambi. Chukueni, msiulize kwanza. Karani mpya wa kaunta aliisoma yote akiwa amesimama. Kisha akasema majibu huchukua siku kumi na nne, na kwamba kesi kama hii inaweza kumfikisha mtu mahakamani. Msomaji alimjibu kwamba anapatikana nyumbani.

Ombi moja la familia. Fundi cherehani akiwa amekuja leo, mpisheni kiti cha mbele, karibu na mume wa marehemu. Na wale ambao miaka hii sita mlipita kibarazani mkatazama simu: mumewe bado anakaa pale kila jioni, peke yake, na macho yake sasa yanaona vizuri. Mpitieni. Msijieleze sana. Msalimieni tu.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu (mkunga, mwalimu wa hesabu na fundi umeme), wajukuu watano, kaka mmoja na wadogo wawili, wakwe, mashemeji, na watoto wengi wa ndugu aliowalea kama wake. Mmoja wao alimfanyia haya mliyoyasikia. Hajaondolewa kwenye orodha, kwa sababu marehemu mwenyewe, alipoulizwa na nesi majina ya watu wake wa karibu, alimtaja.

Apumzike kwa amani, na jina lake lipumzike naye.